Jina la Mvulana wa Pili

Kaka yangu anaishi Ubelgiji, na kama watu wengi waliokaa mbali muda mrefu, alishikwa na ugonjwa wa kutafuta ukoo. Sisi tuliobaki Butembo hatuna ugonjwa huo. Ukoo wetu unatufuata wenyewe hadi mlangoni, asubuhi, hujanawa hata uso, umekuja na shida zake na watoto wake wa kusomeshwa. Yeye huko, jioni za baridi, alikaa mbele ya kompyuta akichora mti wa familia. Shina liko Masereka, kwa babu mzaa baba. Tawi moja kubwa lilishuka Beni zamani, na huko likampotea.

Jina la ukoo wetu sitaliandika hapa. Limetusumbua vya kutosha, na wenye jina hilo ni wengi, wasije wakanifuata sokoni wakidai nimewasengenya. Lakini kuna jambo nitalisema mapema, maana sipendi mtu anayesimulia huku ameficha mkono mgongoni. Wakati kaka anatafuta jina, mama yetu alikuwa anatafuta mtu. Mtu mmoja tu: mtoto wake wa kwanza, aliyemwacha upande wa Beni angali anajifunza kusema. Sisi hatukujua. Yeye alijua, akanyamaza, akaketi kwenye kiti chake uani kwangu, hapa mtaa wa Kimemi, akitusikiliza tukihesabu watu wasiomhusu.

Siku nilipomweleza habari ya mti ule alikuwa anamenya maharagwe.

“Huyu mutoto alienda kule juu ya kusoma mambo ya mashini,” alisema. “Sasa iko anapanda miti?”

“Ni arbre ya famille, mama. Ni majina ya bantu ba kwetu tu.”

“Ah. Na inazaa matunda?”

Nilicheka. Mama alikuwa na ulimi huo, na mimi nimeurithi; wateja wangu wa vikwembe, vitenge ninavyouza, watakuambia.

Kuhusu tawi la Beni, mambo yalikuwa hivi. Enzi za babu, milima yetu ilikuwa imeshajaa watu. Masereka mtu alilima mteremko ambao hata mbuzi anaupanda kwa kufikiri. Vijana wakawa wanashuka kutafuta ardhi huku chini, Beni na kuendelea, kwenye msitu. Udongo mweusi, tambarare, unatupa punje ya mahindi, ukigeuka imeshachipua. Ndivyo walivyosimulia, na mtu anayehama lazima asimulie hivyo. Mdogo wake babu aliongoza kundi la watu wakashuka, wakafyeka, wakajenga, wakabaki. Leo ukifika Beni ukitaja jina letu, utaonyeshwa nyumba hii na ile na ile ya kule mbele. Kaka alitaka nyumba zote hizo ziingie kwenye mti wake, kila moja kwenye kijitawi chake.

Kazi ikanipata mimi. “Wewe unaenda Beni kila mara kupeleka vikwembe,” alisema kwenye simu, kana kwamba naenda kutembea. Barabara ya Beni siku hizi haiendwi kwa kupenda. Unauliza kwanza wenye magari, leo vipi, na wakikuambia kesho unangoja kesho. Lakini ni kweli nilikuwa naenda, biashara haijui kungoja sana. Basi nikakubali.

Kabla sijaondoka safari ya kwanza, mama aliniita.

“Ukifika kwa bale bantu, sema uko mutoto wangu.”

“Mama, banatafuta jina ya papa.”

“Sema na yangu.”

Niliona ni maringo ya uzee. Mwanamke ameolewa kwenye ukoo wa watu, amezeekea humo, sasa anataka na yeye atajwe. Nikasema sawa, nitakutaja. Na nilimtaja, katika nyumba ile ya kwanza, baada ya salamu na baada ya soda. Hakuna aliyeitika. Walitaka habari za kaka wa Ulaya.

Nyumba hiyo ya kwanza ilinipokea kwa shangwe. Mzee wa pale, Mkatoliki wa rozari shingoni, alinikumbatia akisema damu imerudi nyumbani. Wakinamama wakaingia jikoni. Chakula kilipokuja, bugali ilikuwa imesimama vizuri, sombe, yale majani ya muhogo, imepondwa ikapondeka, na katikati sahani ya nyama inanukia pilipili. Nikauliza nyama gani. Wakasema mboloko, yule swala mdogo wa msituni, wamenitafutia makusudi kwa sababu mimi ni mtoto wa nyumba.

Nikaweka mkono chini. Katika ukoo wa baba yangu mboloko haliwi. Ndio mwiko wetu. Baba alikuwa hakubali hata ngozi yake ivuke kizingiti; na kila ukoo kwetu una mnyama wake namna hiyo, ndivyo unavyojua nani ni ndugu yako na nani huwezi kumwoa. Na hawa hapa, wenye jina letu mlangoni, walikuwa wanamtafuna babu yetu kwa pilipili.

“Kwani ninyi mwiko wenu ni nini?” nikauliza taratibu.

Wakataja mnyama mwingine kabisa.

Mzee hakuwa mjinga. Alinitazama, akatazama sahani, akaanza kucheka mpaka rozari ikaruka. Akanieleza. Baba yake hakuwa ndugu wa mdogo wa babu yangu. Alikuwa jirani yake, alishuka naye tu kwenye kundi, amebeba kapu la mbegu. Walipofika huku chini, mtu wa serikali aliwapanga mstari akauliza: ninyi ni watu wa nani? Wakajibu ni watu wa fulani, maana ndiye aliyewaongoza. Akaandika jina la huyo fulani kwa kila mtu, wa kwanza hadi wa mwisho, akaenda zake. “Wazungu balikuwa na haraka,” mzee alisema. “Na siye tulikuwa na njaa. Hakuna mutu alibisha.”

Nilikula sombe. Nilicheka pamoja nao, na kusema kweli niliwapenda kuliko ndugu zangu wengi wa damu.

Kaka hakucheka. Nilipomweleza alisema, “Bandika tu, tutarekebisha baadaye.” Nikamwambia huwezi kumbandika mtu kwenye mti kama kiraka. Akaniambia niendelee na nyumba nyingine, kwamba lisemwalo lipo. Nami niliendelea, nyumba kwa nyumba, kila nilipopeleka mzigo. Wengi walikuwa vilevile: watu waliobeba makapu. Na kila niliporudi Kimemi mama aliuliza swali lile lile, hata kabla sijavua viatu.

“Hapana kuko mutu aliuliza juu yangu?”

“Hakuna, mama.”

“Bien,” anasema, yaani vyema, na kurudia maharagwe yake.

Nikiikumbuka hiyo bien yake sasa, moyo unaniuma. Niliichukua kuwa ni neno dogo la kufunga mazungumzo.

Lazima nieleze jinsi tunavyoitana, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina la kwanza, analikuta linamngoja. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana hivyo hivyo. Ukisikia tu mtu anaitwaje, unajua alizaliwa wa ngapi. Na hesabu ni ya mama, si ya baba: mwanamume akiwa na wake wawili, kila mke anaanza yake. Hata akiolewa mahali pengine, hesabu yake inaendelea pale ilipoishia. Aliyekufa naye anahesabiwa, hakuna anayepewa nafasi yake.

Kaka yangu, mkubwa wetu, aliyebatizwa mkubwa, aliyekula nyama ya mkubwa, aliyemzika baba kama mkubwa, anaitwa jina la mvulana wa pili.

Utotoni tuliuliza mara moja. Baba alijibu, “Yule wa kwanza hayuko,” akaendelea kunoa panga. Kwetu mtu akisema mtoto hayuko, umeelewa, huulizi tena. Nyumba nyingi za Butembo zina jina linaloruka hivyo na hakuna anayeshangaa. Baba hakusema uongo. Sisi ndio tuliomchimbia kaburi.

Aliyenifumbua macho alikuwa mama mmoja wa Beni, mwimbaji wa zamani wa kwaya katika kanisa la Kiprotestanti kama letu, mjane, naye ana jina letu kwa sababu ya mume wake na kapu la baba mkwe wake. Nilifika kwake nimechoka, sina hata hamu ya kuuliza tena. Aliniwekea chai. Nikataja jina la baba, akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha kwa mazoea tu, kama mtu anayemalizia sala, nikasema mama yangu ni wa Musienene, nikataja jina lake.

Aliweka birika chini.

“Ni ule aliachaka mutoto?”

Sikuelewa. Nilimwambia labda ni mwingine. Akauliza: mama yako ana kovu la moto hapa kwenye kiwiko? Analo. Alilipata, alituambia siku zote, akipika pombe ya ndizi kwa watu. Hakutuambia watu gani.

Basi yule mjane akanieleza, polepole, akinitazama kama anayepima dawa. Mama yangu aliolewa huku chini akiwa msichana, na kijana wa familia nyingine ya walioshuka, si wa jina letu, wa jina tofauti kabisa. Mbuzi wa mahari walitolewa wote. Akazaa mvulana. Mume akafa mapema kwa homa. Wakwe wakataka arithiwe na shemeji yake, yeye akakataa. Shemeji alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Wakamwambia: basi nenda, lakini mbuzi walitolewa, mtoto ni wetu. Akapanda mlima kurudi Musienene peke yake. Mtoto alimfuata mpaka penye mto, wakamrudisha.

“Na huyo mtoto?” nikauliza.

“Mutoto? Ule ni mubaba, iko na wajukuu! Alikuwa na shamba yake huko mbele, alikimbia juu ya insécurité, juu ya vita, sasa anakaa hapa mu mji, nyuma ya soko. Mutu muzuri. Anapenda bantu.”

Nikasimama. Nilitaka kwenda hapo hapo. Yule mama alinishika kikwembe.

“Hapana, mama. Usiende hivi hivi. Nilimuulizaka miaka mingi, kwa nini hapana kupanda Butembo kumuona mama yako? Akasema: mutoto hapana kuingia kwa bwana ya mama yake bila kuitwa. Siku ataniita, nitaenda na miguu. Donc basi, ni mama yako atamuita. Rudi umwambie.”

Alikuwa na haki. Mambo kama hayo yana mwenyewe. Nikarudi kwenye gari na vikwembe vyangu ambavyo sikuvifungua hata kuviuza.

Mama alikuwa uani. Safari hii hakuuliza kitu. Alinitazama nilivyoketi akajua.

“Kwa nini hukutuambia?” nilisema. Nilikuwa na hasira, na sikuficha. “Mimi nimezunguka Beni yote naandika bantu ba makapu, na wewe unaniangalia tu!”

“Mulikuwa munatafuta jina,” alisema. “Ule hapana na jina yenu.”

Akanieleza mwenyewe yaliyobaki, mikono ikiendelea na maharagwe. Baba alipomchumbia alijua kila kitu. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu. Alisema tu kwamba katika nyumba yake hataki kusikia habari za nyumba nyingine, na akampa mama jambo moja: kwamba hesabu haitaguswa. Mvulana wao wa kwanza atapewa jina la wa pili. Ndiyo nafasi pekee aliyoachiwa yule mtoto katika nyumba yetu, na mama aliitunza. Kila alipomwita kaka yangu aje ale, aje aoge, aje asome, alikuwa anasikia jina la mwingine kabla yake.

“Baba yenu alipokufa, nilisema sasa atakuja,” alisema. “Matanga inasikilikana mbali. Niliangalia mulango. Hakukuja, nikasema anakataa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mwana naye iko na yake.”

“Anangoja umuite, mama.”

Mikono yake ikasimama.

“Mimi nilingoja aniulize,” alisema. Na baada ya muda: “Muite. Mwambie mama yake anamuita.”

Ningefunga hadithi hapa na ingekuwa nzuri. Lakini katika nyumba yetu jambo la ukoo halifanywi bila mkubwa, na mkubwa alikuwa Ubelgiji. Nilimpigia. Nilidhani atafurahi: tawi halisi, damu kweli, mtu mzima anayepumua!

“Mimi ndiye wa kwanza,” alisema.

“Jina lako linasema hapana, yaya, kaka yangu. Umeliandika maisha yako yote.”

“Lakini ni mimi nilimzika baba.”

Nilimhurumia, na bado namhurumia. Mtu amebeba ukubwa miaka yote hiyo, karo zetu, harusi zetu, vifo vyetu, halafu anaambiwa kwa simu kwamba kiti kile kilikuwa cha mwingine. Hakukataa. Aliomba tu tungoje. Alisema atakuja Noeli, tutamwita wakati wote tupo, kwa heshima, kwa utaratibu, tusiharakishe. Haraka haraka haina baraka. “Jambo kama hili,” alisema, “linataka mukubwa awepo.”

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Mama aliinama karibu nayo.

“Mukubwa ndiye tunaita,” alisema.

Lakini hakubishana zaidi. Alikuwa amezoea kupewa masharti na wanaume wa nyumba hii, na mimi nilikuwa nimezoea kumwona akiyakubali. Tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walishalisema, na bado kila mtu anajaribu mwenyewe aone.

Mama alichagua kuku mmoja, jike jekundu, akamtenga. Mchungaji alipotutembelea nikamshika kuku huyo, mama akapiga kelele toka chumbani kama nimeshika mtoto. Mchungaji alikula sambaza, dagaa wa ziwani, siku hiyo. Mama aliniambia nimtengee pia kikwembe kizuri, cha bluu, kwa mke wa huyo mwanawe, na alitaka kujua kama mtu aliyekulia chini anaweza kustahimili baridi ya Butembo, kwa hiyo akatoa blanketi lake zuri akalianika. Alikuwa anapata nguvu. Aliimba. Jirani aliniuliza kama mama amepona, nami sikujua kwamba alikuwa mgonjwa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa bado hazijakatika yule mjane wa Beni aliponipigia. Alianza kwa kunisalimu vizuri, akauliza habari za kila mtu, na kwa jinsi alivyorefusha salamu niliketi chini. Yule mwana wa mama alianguka akichota maji, alisema. Tension, presha ya damu. Hawakuwahi hata kufika naye hospitalini. Walikuwa wameshamzika, maana watu walikuwa na wasiwasi na hali ya huko.

Nilikwenda uani. Kuku mwekundu alikuwa anaparua miguuni mwa mama. Nilimwambia kwa maneno machache, sijui mengine.

“Aliitwa?” aliuliza.

“Hapana, mama. Bado.”

Aliitikia kwa kichwa. Hakulia mbele yangu. Aliinuka, akaingia ndani, akalikunja lile blanketi, nikasikia mlango wa kabati. Na kaka alipopiga simu jioni, mama alinirudishia simu bila neno, na siku zilizofuata pia. Hakumkasirikia, alisema, hana tu la kumwambia.

Kaka alikuja Noeli kama alivyoahidi. Alikuja na ule mti wake umechapishwa kwenye karatasi kubwa, umekunjwa kama ramani, na nyumba nyingi za watu wa makapu alikuwa hakuziondoa. Juu kabisa, kando ya jina la mama, alikuwa ameongeza kijitawi kimoja chenye jina la mvulana wa kwanza. Alimwonyesha kwa kidole. Mama aliangalia karatasi kwa heshima, kama anavyoangaliwa mtoto wa watu anapoonyesha daftari lake, akasema asante. Kaka alitoka nje akasimama nyuma ya jiko, akalia, nami nilimwacha alie. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali na nikakuta hayana kazi.

Safari hii sikumwuliza mtu. Nilimpigia yule mjane nikamwambia: mmoja wa watoto wa marehemu aje. Mwambie anaitwa na bibi yake. Semeni hivyo hivyo, anaitwa.

Alikuja binti, baada ya mwaka mpya, barabara ilipotulia kidogo. Mwanamke mzima, mtoto mgongoni, viatu vimejaa matope ya njiani, na uso ambao ukiutazama unamwona mama wa picha za zamani. Tulikuwa wote uani. Kaka aliinuka akampa kiti chake, akabaki amesimama. Binti alipiga magoti akashika mikono miwili ya mama kama inavyotakiwa.

“Koko, mimi ni mutoto wa mutoto wako.”

“Unaitwa nani, mama?” mama aliuliza.

Binti alitaja kwanza jina la msichana wa kwanza, kama kila msichana wa kwanza wa kwetu. Halafu akataja la pili, lile ambalo mzazi anachagua mwenyewe, kwa moyo wake. Lilikuwa jina la mama. Jina la mama lenyewe, la Musienene, lisilo la kawaida, ambalo mimi sikumpa binti yangu yeyote wala kaka hakumpa wa kwake, kwa sababu tulikuwa tunahangaika na jina la ukoo.

Mtoto mgongoni alianza kulia, binti akamtikisa akiendelea kupiga magoti.

“Alinipa hiyo jina,” alisema, “na alikuwa anaita tu kila saa. Hata hapana kitu ya kuniambia. Unatoka ku nyumba, unakimbia, unafika, anasema: ah, nilitaka tu kujua kama uko.”

Mama alimshika kidevu.

“Alikuwa anaita namna gani?”

Binti aliona haya. Alitutazama sisi sote, watu asiowajua. Kisha akanipa mtoto, akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa uani mahali kuku mwekundu alikuwa anaparua, akageuza uso upande wa barabara ya Beni. Aliita jina lile kama baba yake alivyoliita kutoka shambani, kwa sauti ndefu inayopanda mwishoni, sauti ya mtu anayeita aliye mbali.

Na mama, kutoka kwenye kiti chake, akaitika.